Testi ya nafasi ya diski inapita leo inafeli kesho: pa kuanzia kutafuta

Kama umefika hapa basi najua ulishabonyeza kitufe cha kurudia zaidi ya mara moja, testi (kodi inayokagua kama kodi yako inafanya kazi) ikapita, ukasema ah poa, ukaendelea na mambo mengine, alafu siku mbili baadae ikafeli tena kwenye kodi ambayo haihusiani na diski hata kidogo, mtu kabadilisha rangi ya kitufe tu na testi ya nafasi iliyobaki imegoma. Hizi ndo testi vigeugeu, na kwa maoni yangu zinazopima nafasi ya diski zinazidi hata zile za saa na tarehe kwa kusumbua, sababu za saa angalau unaweza kuidanganya saa.

Chanzo kikubwa ni kimoja na karibu yote ntayoandika huku chini yanarudi hapohapo: nafasi iliyobaki sio namba yako. Ukubwa wa faili uliloandika mwenyewe ni wako, hamna mtu atakayeugusa. Ila nafasi iliyobaki ni ya kila programu iliyopo kwenye diski ile, ni kama kupima kina cha maji kwenye pipa ambalo watu kumi wanachota na wengine watatu wanamimina, unapima mara mbili unapata namba mbili alafu unalaumu rula. Hata maelezo rasmi ya Java kuhusu FileStore yanasema wazi kwamba namba hiyo ni dokezo tu, sio ahadi, na kwamba inaelekea kuwa sahihi mara tu baada ya kuiuliza. Sasa wewe umeandika assertEquals, yani dai kwamba namba mbili lazima zifanane, juu ya dokezo.

Kabla hujagusa kitu chochote, chapisha namba

Testi nyingi za aina hii zikifeli zinakuambia "false is not true" basi, hapo utakaa mwezi mzima unabahatisha. Badilisha ujumbe wa testi kwanza, hata kabla ya kufikiria dawa, ichapishe njia iliyopimwa, aina ya mfumo wa mafaili, st_dev (namba ya kifaa faili lilipo), na vitu vyote vya statvfs, ule wito wa kuuliza mfumo wa mafaili hali yake: f_blocks (bloki zote), f_bfree (zilizo huru), f_bavail (zilizo huru kwa mtumiaji wa kawaida), f_frsize (ukubwa wa bloki ya kuhesabia), f_bsize (ukubwa unaopendekezwa wa kusoma na kuandika). Kabla na baada. Kwa baiti, sio kwa gigabaiti zilizokatwa desimali.

Kwanini nasisitiza hivi, ni kwa sababu ukubwa wa tofauti peke yake unakutajia ugonjwa. Tofauti ni ndogo, inabadilika kila safari, na inagawanyika kwa 4096, kuna mtu mwingine anaandika. Tofauti ni ileile kila mara na ukiigawa kwa ukubwa wa diski unapata kama asilimia 5, hiyo ni akiba ya root, yani nafasi iliyotengewa msimamizi mkuu wa mashine. Namba moja ni mara 256 ya nyingine, au mara 2, au mara 8, umechanganya vipimo. Uwiano ni 1.0737 na kitu, kuna mtu anahesabu kwa 1000 na mwingine kwa 1024. Tofauti ni sawasawa na ukubwa wa faili ulilotoka kuandika au kufuta, basi mfumo wa mafaili haujakuhesabia bado, au hautakuhesabia kabisa. Sasa twende moja moja, nyingine ntazipitia haraka sababu hazina mengi.

Tofauti ndogo inayocheza cheza

Hii ndo ya kawaida kuliko zote. Testi inaita df, ile amri ya kuonyesha nafasi ya diski, inasoma jibu, alafu inaita fanksheni yetu, alafu inadai ziwe sawa. Kati ya hapo na hapo zimepita milisekunde kadhaa, na ndani ya milisekunde hizo logi ya mfumo imeandika mistari, testi nyingine inayokimbia sambamba imetengeneza folda ya muda, na programu yenyewe inayoendesha testi imeandika ripoti yake kwenye diski hiyohiyo. Kwenye kontena (programu iliyofungiwa peke yake na mafaili yake, kama ya Docker) ndo balaa zaidi, kwa sababu watu wanadhani kontena ina diski yake. Haina. overlayfs, mfumo wa mafaili wa kontena nyingi, ukiiuliza statvfs inakupa namba za mfumo wa mafaili ulioko chini, yani diski ya mashine mama, kwahiyo kontena ya jirani ikishusha image (kifurushi cha kuanzishia kontena) ya gigabaiti 2 wewe ndo unafeli.

Dawa ya kwanza, acha kuita df katikati ya testi. Kuzalisha proses mpya kunachukua muda mrefu sana ukilinganisha na wito mmoja wa statvfs, na kadri dirisha linavyokuwa pana ndo wezi wanavyopita. Dawa ya pili ni ninayoiita sandwichi, unasoma kabla, unaita kodi yako, unasoma baada, na unaamini jibu pale tu mkate wa juu na wa chini unapofanana:

```python
def soma_ikitulia(njia, mara=50):
    for _ in range(mara):
        kabla = os.statvfs(njia)
        yetu = nafasi_iliyobaki(njia)
        baada = os.statvfs(njia)
        if kabla.f_bavail == baada.f_bavail:
            return yetu, kabla.f_bavail * kabla.f_frsize
    pytest.skip("diski haikutulia, nimejaribu mara %d" % mara)
```

Mjanja mmoja atasema inawezekana namba ikashuka na kupanda tena katikati ikarudi palepale. Kweli inawezekana. Ila hapo ni wito tatu mfululizo bila kitu kingine katikati, mimi sijawahi kukutana nayo na sitapoteza usingizi. Cha kuangalia zaidi ni hiyo skip, kwa sababu testi inayorukwa kila siku ni testi iliyokufa ambayo bado inahesabiwa kwenye jumla, kwahiyo weka kitu cha kuhesabu imerukwa mara ngapi.

Na angalia kitu kimoja kwenye kodi hiyo, nimerudia *kusoma*, sijarudia testi nzima ikishafeli. Hivi ni vitu viwili tofauti. Yule anayeweka programu ya kurudia testi iliyofeli mara tatu anaficha bagi yoyote inayotokea mara moja kwa tatu, wakati sandwichi inarudia pale tu kipimo kilipovurugwa, kipimo kikitulia na jibu likawa sio, inafeli hapohapo bila huruma.

Inapita kwenye diski tupu, inafeli diski ikijaa

Hii nimeilia mwenyewe kwahiyo ntakaa nayo kidogo. Tulikuwa na fanksheni ya kurudisha nafasi iliyobaki, na testi iliyoilinganisha na safu ya Avail ya df, na kwa sababu zile namba zilikuwa zinacheza mtu aliweka uvumilivu wa asilimia 10. Ikapita miezi. Alafu ikaanza kufeli wiki fulani, ikapona yenyewe, ikafeli tena, ikapona, kila mtu akasema ni mashine ya CI, ile inayokimbiza testi kila kodi ikibadilika, inazingua.

Kumbe fanksheni yetu ilikuwa inatumia f_bfree na df inatumia f_bavail. Tofauti yake: ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Linux, ikitengenezwa bila maelekezo yoyote inatenga asilimia 5 ya bloki kwa ajili ya root, f_bfree inahesabu na hizo, f_bavail haihesabu. Sasa angalia hesabu, natumia namba za mviringo. Diski ina bloki 25,000,000 za baiti 4096, yani kama gigabaiti 102. Akiba ni bloki 1,250,000. Diski ikiwa karibu tupu, f_bfree ni 23,000,000 na f_bavail ni 21,750,000, tofauti ni kama asilimia 5.7, ndani ya uvumilivu, testi inapita. Diski ikijaa jaa, f_bfree 9,000,000 na f_bavail 7,750,000, akiba ni ileile lakini saivi ni asilimia 16 ya kilichobaki, testi inafeli. Mpaka wenyewe uko pale f_bavail inaposhuka chini ya 12,500,000, yani diski ikishatumika asilimia 45.

Umeona ujanja wake? Bagi ilikuwepo kila siku, saa zote, kwa kila mtu. Uvumilivu wa asilimia ndo ulioigeuza kuwa kigeugeu, kwa sababu kosa ni kiasi kisichobadilika ila kipimo cha kosa kinapungua na diski. Mtu akisafisha mashine ya CI, testi inapona. Images zikijaa tena, inafeli. Na kabla hatujagundua, mwenzetu mmoja alishapendekeza tupandishe uvumilivu uwe 20, ambapo ingepita mpaka asilimia 70 ya diski alafu ikaanza upya.

Kwahiyo usipanue uvumilivu kabla hujaijua sababu. Na kama lazima uwepo, uwe kwa baiti, sio kwa asilimia.

Jua pia kila lugha imeweka majina yake hapo. Java ina getFreeSpace na getUsableSpace, ya pili ndo unayoitaka mara nyingi. C++17 kwenye std::filesystem::space ina free na available, hapo available ndo ya mtumiaji wa kawaida. Python shutil.disk_usage inarudisha free iliyotoka f_bavail lakini used imehesabiwa na f_bfree, ndo maana used ukijumlisha na free hupati total kwenye ext4. Nimeona testi kibao zinadai total iwe sawa na used jumlisha free, zinapita kwenye tmpfs (mafaili yanayokaa kwenye kumbukumbu), zinapita kwenye XFS (mfumo mwingine wa mafaili wa Linux) ya kawaida, alafu mtu mpya mwenye ext4 anajiunga na timu na anaanza kuulizwa umevunja nini. Hajavunja kitu jamani. Windows nako GetDiskFreeSpaceExW inarudisha namba mbili za nafasi, ya jumla na ya anayeuliza, na hiyo ya anayeuliza inaheshimu kwota (kikomo cha nafasi) ya mtumiaji, kwahiyo akaunti ya CI na akaunti yako zinaweza kupata majibu tofauti kwenye mashine moja.

Uwiano wa ajabu

Hapa fupi. Bloki za f_blocks, f_bfree na f_bavail kwenye statvfs zinazidishwa na f_frsize, sio f_bsize. Kwenye Linux na diski ya kawaida mbili hizo zinalingana kwahiyo kosa halionekani, unalala nalo miaka. Peleka kodi kwenye macOS, statvfs inakupa f_frsize 4096 lakini f_bsize 1048576, na ghafla laptopu ina nafasi mara 256 ya ile iliyonayo. Alafu ukiacha statvfs ukatumia statfs ya macOS mambo yanageuka, hapo f_bsize ndo bloki ya msingi na ile ya kasi inaitwa f_iosize. Jina moja, maana mbili, mashine moja. Hii sio kigeugeu cha kweli, inafeli kila mara kwenye mashine ya aina ile, ila kama CI yako inagawa kazi kwa mashine mchanganyiko itaonekana kama bahati nasibu.

Mara 2 inatokana na df: GNU df inahesabu kwa kilobaiti moja, ya macOS na ya POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya Unix) inahesabu kwa baiti 512, na hata GNU df ikikuta POSIXLY_CORRECT kwenye mazingira inahamia 512. Mara 8 ni mtu aliyechanganya bloki za 4096 na st_blocks ya stat, ambayo ni za 512.

Nimeandika megabaiti 100, nafasi haijapungua

Swali la kwanza kabisa, na linachekesha jinsi linavyosahaulika: faili umeliandika kwenye mfumo wa mafaili uleule unaoupima? Testi inaandika kwenye folda ya muda chini ya /tmp na inapima /, na kwenye mashine nyingi /tmp ni tmpfs, yani kumbukumbu, haina uhusiano wowote na diski. Kwako /tmp iko kwenye diski, kwa mwenzako iko kwenye tmpfs, basi kwako inapita kwake inafeli. Linganisha st_dev ya faili na st_dev ya njia unayopima, mstari mmoja, uweke kama dai la kwanza la testi.

La pili, umeandika kweli au umetoboa shimo? Ukitumia truncate, au ukaruka na seek mpaka mwisho na kuandika baiti moja, unapata faili la megabaiti 100 kwa jina tu, ls inasema 100 na diski haijatoa kitu. Angalia st_blocks (bloki zilizochukuliwa kweli), sio st_size (urefu wa faili).

La tatu, umeandika nini. Masifuri kwenye ZFS au Btrfs (mifumo mingine ya mafaili) yenye ubanaji yanabanwa mpaka karibu na hamna. Andika data ya nasibu, os.urandom au /dev/urandom, usiandike herufi A milioni mia.

La nne ndo linaloleta ukigeugeu wenyewe: muda. ZFS inakusanya maandishi kwenye mafungu na kuyashusha kila baada ya sekunde 5 hivi kama hakuna kinachoiharakisha, Btrfs muda wake wa kawaida wa kukomiti ni sekunde 30. Ukipima hapohapo unapata jibu la zamani au la nusu. ext4 kwa upande wake nayo inachelewesha kugawa bloki, ila statfs yake inatoa zile zilizoahidiwa tayari, kwahiyo hapo huoni tatizo, na ndo maana mwenye ext4 haamini mwenye ZFS anapolalamika.

Watu wengi wanatibu hili kwa sleep(1). Acha. Fsync faili (iamuru mashine ilishushe kwenye diski sasa hivi), alafu zunguka ukisoma kila milisekunde 100 mpaka hali unayoitaka itimie au muda wa mwisho, tuseme sekunde 60, uishe. Kwenye ext4 itatoka mzunguko wa kwanza, kwenye Btrfs itasubiri, na hakuna anayelipa sekunde asizozihitaji.

Nimefuta, nafasi haijarudi

Faili likifutwa huku kuna programu imelifungua, jina linaondoka ila bloki zinabaki mpaka wa mwisho alifunge. Kwenye testi mwizi huwa ni testi yenyewe, imefungua faili bila kulifunga, inategemea mkusanya taka wa lugha aje alifunge kwa wakati wake, na yeye anakuja akijisikia. Hapo una kigeugeu safi kabisa. Kwenye Linux `lsof +L1` inakuorodheshea mafaili yote yaliyofutwa ambayo bado yameshikwa, iite ndani ya testi pale inapofeli na uchapishe jibu, utamkuta mhusika kwa jina na namba ya proses.

Kama hakuna aliyeshika, angalia snepshoti, yani nakala ya hali ya mafaili ya wakati fulani. Faili lililoko ndani ya snepshoti ya ZFS, Btrfs au APFS (ya Mac) ukilifuta unafuta jina tu. Kwenye Mac za watengenezaji Time Machine inatengeneza snepshoti za ndani bila kukuuliza, na volumu zote za APFS zilizoko kwenye kontena moja zinagawana nafasi moja, kwahiyo hata volumu usiyoigusa namba yake inatembea. Na faili likiwa na kiungo kigumu kingine mahali, au lilinakiliwa kwa njia ya kushea bloki, kulifuta hakurudishi kitu vilevile.

Windows kuna la ziada, kizuia virusi au kinachotengeneza faharasa kinaweza kulifungua faili lako mara tu ulipoliumba, ukifuta unakataliwa au linangoja. Tena zunguka na muda wa mwisho.

Jumla ya diski imebadilika?!

Ndiyo inabadilika. Kwenye ZFS, jumla unayoipata kwa statvfs ya dataset (sehemu moja ya bwawa la diski) ni ilichotumia dataset hiyo ukijumlisha na kilichobaki kwenye bwawa zima, kwahiyo dataset ya jirani ikiandika, "ukubwa wa diski" yako unapungua. Testi inayosoma jumla mara mbili na kudai zifanane itafeli hapo na haina kosa la kurekebisha, futa dai hilo. XFS yenye kwota ya mradi nayo ukiipima ndani ya folda yenye kwota inakujibu kwa mipaka ya kwota, sio ya diski.

Kuchambua matokeo ya df kwa maandishi

Mimi nakushauri uache, lakini kama huwezi kuacha: `LC_ALL=C df -P -k`, au kwa GNU `df --output=avail -B1`. Bila -P jina refu la kifaa kwenye df za zamani linavunja mstari na safu zako zote zinasogea moja. Bila LC_ALL vichwa vya safu vinafuata lugha ya mashine. Na -h usiiguse, GNU df inakadiria kwenda juu, hata asilimia inakadiria kwenda juu, na inaihesabu kwa kugawa na used jumlisha avail, sio kwa jumla. Ukihesabu mwenyewe used gawa total utatofautiana nayo kwa asilimia moja au zaidi kutegemea akiba.

Testi inayozungukia kila kilichomauntiwa

Kumaunti ni kuunganisha mfumo wa mafaili kwenye folda, na hapa kuna mashimo ya peke yake. /proc na wenzake wana f_blocks 0, ukigawa umekufa. Btrfs inarudisha f_files 0, kwahiyo asilimia ya inodi (rekodi ya kila faili) nayo ni kugawa kwa sifuri. Kitu kilichokuwepo kwenye orodha kinaweza kuondolewa kabla hujakifikia, unaweza kupata ENOENT (njia haipo). FUSE (mfumo wa mafaili unaoendeshwa na programu ya kawaida) ya mtumiaji mwingine inakunyima ruhusa hata ukiwa root. Na NFS (mafaili yanayotoka kwenye seva ya mtandao) ambayo seva yake imezima itakuganda hapo mpaka testi iuawe kwa muda. Testi usizungushe mashine nzima, chagua mfumo mmoja unaoujua.

Dawa yenyewe

Ukishajua ugonjwa, jiulize hii testi inapima nini hasa. Kerneli kutoa namba sahihi sio kazi yako. Kazi yako ni hesabu: umechagua f_bavail, umezidisha na f_frsize, hujapasua integer ya biti 32, hujaonyesha namba hasi. Hivyo vyote havihitaji diski. Toa hesabu iwe fanksheni inayopokea zile namba kama data, alafu ilishe namba za kubuni, f_frsize tofauti na f_bsize, f_bavail sifuri huku f_bfree sio sifuri, diski ya terabaiti kadhaa, f_blocks 0, na kama mnasapoti FreeBSD basi f_bavail hasi, maana statfs yao ni namba yenye alama na UFS ikila ndani ya akiba yake ya asilimia 8 inashuka chini ya sifuri kweli. Ile bagi yetu ya asilimia 5 ingekamatwa na testi ya mistari minne ya aina hii, siku ya kwanza, bila diski.

Alafu bakiza testi moja au mbili zinazogusa mfumo wa mafaili wa kweli, ila uwe wako peke yako. Kwenye Linux hata root huhitaji, unshare inakutengenezea eneo lako la kumaunti:

```sh
unshare -Urm sh -c '
  mount -t tmpfs -o size=64m tmpfs /mnt
  stat -f -c "%b %f %a %S" /mnt
  dd if=/dev/urandom of=/mnt/x bs=1M count=1 2>/dev/null
  stat -f -c "%b %f %a %S" /mnt'
```

Inatoa hivi:

```
16384 16384 16384 4096
16384 16128 16128 4096
```

Bloki 256 zimeondoka, 256 mara 4096 ni mebibaiti moja kamili, hakuna uvumilivu, hakuna asilimia, unaweka assertEquals na unalala. Ila usiandike 256 moja kwa moja kwenye testi, hesabu kwa ukubwa wa bloki uliosomwa, sababu kuna mashine za ARM zenye kurasa za kilobaiti 64.

Ndani ya kontena nyingi unshare itakataliwa na sera za usalama, na Ubuntu 24.04 nayo imebana mambo haya kwa mtumiaji wa kawaida. Hapo mpe Docker kazi, `--tmpfs /jaribio:size=64m`, folda ile ni yako peke yako.

Tahadhari moja, kwenye tmpfs f_bfree na f_bavail ni sawa kama unavyoona hapo juu, kwahiyo haitakamata kosa la akiba hata siku moja. Ukitaka kuliona kwa macho tengeneza faili la picha ya diski, `mkfs.ext4 -F -m 5`, alafu limaunti kwa loop, hapo root unaihitaji. Na kwa upande wa diski iliyojaa, tmpfs ya megabaiti 1 inajaa kwa kufumba na kufumbua. Ukitaka kosa la ENOSPC (nafasi imeisha) tu bila diski yoyote, andika kwenye /dev/full, hiyo kazi yake ni kukataa. Kagua kosa kwenye fsync na close pia, NFS inaweza kukupokea vizuri kwenye write alafu ikakuambia imejaa pale unapofunga.

Utajuaje umepona

Kupita mara moja hakusemi kitu. Washa kelele makusudi upande wa pili, kwenye diski ileile:

```sh
while :; do dd if=/dev/urandom of=$HOME/kelele bs=1M count=50 2>/dev/null; rm $HOME/kelele; done
```

Alafu kimbiza testi ya zamani mara 200 na uhesabu imefeli ngapi, hiyo ndo namba yako ya kulinganishia. Kama testi ya zamani haifeli hata mara moja kwenye kelele hiyo, basi ugonjwa wako sio waandishi wengine, rudi kwenye namba ulizochapisha uangalie akiba, vipimo na st_dev. Ikifeli, weka mpya, kelele ikiwa bado inawaka, mara 200 tena, na safari hii angalia safu mbili: zilizofeli na zilizorukwa. Mara ya kwanza nilipofanya hivi zilizofeli zilikuwa 0 nikafurahi sana, alafu nikaona zilizorukwa ni 200.